Rali ya theluji: watazamaji wamejaa, madeni yanatoka wapi?

Swali: Nimefuatilia rali za theluji kwa miaka kadhaa. Watazamaji hujaa, madereva wakubwa huja, na theluji yenyewe haitozwi senti. Mbona basi waandaaji hulia njaa kila mwaka, na rali ikifutwa siku chache kabla huacha madeni makubwa? Klabu yetu na wenzetu wa nchi jirani tunataka kuandaa rali ya kimataifa ya majira ya baridi. Kwenye upande wa fedha tuanzie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, ni kweli theluji haitozwi senti, na shida yako yote imejificha humo. Kitu chenye bei huagizwa, huandikiwa mkataba, na kikichelewa unajua wa kumdai. Theluji haina wa kumdai. Unakodi helikopta, unalipia upimaji muda, unauza tiketi, unawaahidi wadhamini picha za magari yakirusha unga mweupe, halafu unakaa dirishani kumsubiri mgeni ambaye hakuahidi kuja.

Kwa ukubwa wa gharama peke yake, rali ya baridi haitofautiani sana na rali ya changarawe ya kiwango kilekile. Kinachoiumiza ni mpangilio wa malipo. Gharama nyingi hulipwa kabla hali ya njia haijajulikana, mapato mengi huingia baada ya hapo, na jambo moja tu, joto, linaweza kuyakata mapato yote kwa mpigo: tiketi, ada za washiriki, fungu la mwisho la mdhamini, hata fedha za mji mwenyeji. Kwenye biashara ya kawaida mlango mmoja ukifungwa mwingine hubaki wazi. Hapa milango yote ina kufuli moja.

Tazama rali ya Sweden. Ilianza mwaka 1950 ikiwa rali ya kiangazi na ikahamia majira ya baridi mwaka 1965. Ubingwa wa dunia ulipoanzishwa mwaka 1973, nayo ilikuwamo. Tangu hapo imefutwa mara chache: mwaka 1974 kwa sababu ya shida ya mafuta (rali ya Monte Carlo nayo haikufanyika mwaka huo), mwaka 1990 kwa sababu ya joto, na mwaka 2021 kwa sababu ya korona. Ukiisoma orodha hiyo harakaharaka utasema joto limeiangusha mara moja tu kwa karibu miaka hamsini, kwa hiyo hatari ni ndogo.

Orodha hiyo inaficha miaka iliyonusurika. Mwaka 2016 hatua kadhaa, yaani vipande vya barabara iliyofungwa ambako magari hushindana kwa muda, ziliondolewa kwa kuwa barabara zilikuwa zimelainika. Mwaka 2020 mambo yalikuwa mabaya zaidi: njia ilikatwa hadi karibu nusu, na dereva Elfyn Evans akashinda rali fupi kabisa kwa viwango vya ubingwa wa dunia. Rali ya nusu njia haileti nusu ya gharama. Helikopta imeshakuja, mahema ya kituo cha huduma, ambako timu hutengeneza magari, yameshasimama, maofisa wameshalala hotelini, uzio umeshafungwa. Unachopunguza ni mafuta ya greda na posho za watu wachache. Upande wa mapato, kila aliyekuja kuona hatua iliyofutwa ana haki ya kukuuliza alichokilipia. Ndiyo maana mimi humwambia kila mwandaaji anayenifuata: ogopa kukatwa njia kuliko kufutwa. Ukifuta mapema kuna mikataba inayosimama na fedha zinazobaki mfukoni. Ukikata dakika za mwisho unalipa kila kitu na unauza kidogo.

Mwaka 2022 waandaaji wa Sweden waliondoka jimbo la Värmland, kwenye miji ya Karlstad na Torsby iliyokuwa nyumbani kwa rali hiyo kwa miongo mingi, wakahamia Umeå, mamia ya kilomita kaskazini. Kwa upande wa theluji uamuzi ule hauna ubishi. Kwa upande wa fedha ulikuwa na maumivu yake. Kule Värmland waliacha hatua ya Vargåsen yenye kilima cha kurukia kilichopewa jina la dereva wa rali Colin McRae, Colin's Crest, ambako watu walisimama saa nyingi kwenye baridi ili wahesabu mita gari linazopaa. Rekodi, mita 45, iliwekwa na dereva Eyvind Brynildsen mwaka 2016, mwaka uleule ambao barabara nyingine zilikuwa tope. Kilima kama kile ni mali: kina jina, kina picha, kina kumbukumbu, na mdhamini anakijua kabla hujamweleza. Ukihama na rali yako unahama bila kilima. Unaanza upya kutafuta mahali ambapo watu watataka kusimama.

Sasa nieleze joto linaharibu nini hasa, kwa sababu wengi hudhani tatizo ni picha tu kukosa weupe. Gari la rali ya theluji halikimbii juu ya theluji. Linakimbia juu ya barafu iliyo chini yake, na linaishika kwa njumu za chuma, yaani misumari mifupi iliyopachikwa kwenye mpira wa tairi. Tairi lililozoeleka kwenye rali ya Sweden ni jembamba, lina njumu 384, kila moja ina urefu wa milimita 20, na sehemu kubwa ya urefu huo imezama ndani ya mpira. Kinachochomoza ni milimita sita na nusu hivi. Wembamba wa tairi ni wa makusudi, ili lipasue theluji laini na kuifikia barafu. Barafu ikiwa nene na ngumu, gari hushika kiasi cha kumshangaza mtu asiyewahi kuona. Barafu ikiwa nyembamba, magari kumi ya kwanza huichana, changarawe hutokeza, na changarawe hung'oa njumu kwenye mpira. Dereva anayepita baadaye ana tairi la barafu lisilo na meno juu ya barabara isiyo na barafu. Hapo suala limeshakuwa la usalama, na ofisa wa usalama hatakuuliza umelipia nini.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wa kazi hii hulijua wakishachelewa. Theluji nyingi ikianguka mapema kabla ardhi haijaganda, huifunika barabara kama blanketi na kuizuia isigande. Juu utaona weupe wa kupendeza, chini pana udongo mbichi. Kwa hiyo mwandaaji mzuri hutuma malori ya kusukuma theluji tangu mwanzo wa msimu, hata wiki nyingi kabla ya rali, ili baridi iingie ardhini. Kisha huacha theluji ishindiliwe, na penye upungufu humwagia maji yagande. Kingo za theluji pembeni nazo hujengwa kwa kusukuma mara kwa mara, maana madereva huziegemea kwenye kona. Kingo laini humeza gari na kulijaza theluji kwenye rejeta, na gari lililomezwa huziba njia. Kazi yote hiyo ni mishahara ya madereva wa malori inayolipwa miezi miwili au mitatu kabla ya tiketi kuuzwa mlangoni. Tena ukisukuma mapema halafu joto likaja, fedha ile imeyeyuka pamoja na theluji, na utasukuma tena ikianguka nyingine.

Barabara zenyewe ni za watu. Huko kaskazini nyingi ni barabara za msitu zinazomilikiwa na kampuni za mbao au na umoja wa wenye mashamba wanaochangia matunzo yake. Rali ya kiwango cha dunia ina takriban kilomita 300 za mashindano, na kila kilomita ina mwenyewe. Mwenye msitu anataka kujua mambo mawili: malori yake ya magogo yatasimama siku ngapi, na nani atarekebisha barabara baadaye. Barabara iliyogandishwa na kusuguliwa na magari sabini hugeuka kioo; lori la magogo halipandi kilima hadi umwage mchanga au ukwangue juu yake. Iwapo rali iliendeshwa kwenye joto, kuna makorongo ya kuziba majira ya kuchipua yakifika, wakati akaunti yako imeshakauka na wadhamini wameshaondoka. Mali bila daftari hupotea bila habari: gharama ya kurudisha barabara iandikwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, na fedha yake iwekwe kando, isiguswe hata helikopta ikipanda bei. Klabu iliyoacha makorongo mwaka mmoja haipewi barabara mwaka wa pili.

Kwenye ardhi ya wafugaji wa kulungu wa kaskazini, kule Lapland na sehemu kubwa ya kaskazini mwa Sweden, kuna mazungumzo mengine tena. Mifugo ile huhama na malisho, na helikopta inayopita chini huitawanya. Wafugaji hao uwaone kabla hujachora ramani. Ukiwaona baadaye utakuwa umewapelekea habari tu.

Twende kwenye mapato. Watu hudhani televisheni hulipa. Kwenye ubingwa wa dunia haki za matangazo zinashikwa na promota wa ubingwa. Mwandaaji wa nchi hulipa ili awe kwenye kalenda, na anachopata ni jina la kalenda hiyo, ambalo ndilo analoliuza kwa mji mwenyeji na wadhamini. Ada za washiriki husaidia, ila magari ya timu za kampuni zinazounda magari ni machache; wingi hutoka kwa watu binafsi, na hao ndio huogopa rali ya baridi, nitarudi kwao. Tiketi nazo zina kikwazo cha pekee: huwezi kuzungushia msitu ukuta. Sweden na Finland zina haki ya kila mtu kutembea porini, kwa hiyo unachouza kwa uhakika ni maegesho, ramani, jukwaa, chakula na usafiri wa basi kwenda kwenye hatua. Anayejua kuteleza kwenye theluji kwa skii atatokea msituni upande wa pili bila kukulipa, na atasimama mahali ambapo wewe una wajibu wa usalama wake.

Kwa hiyo nguzo kubwa hubaki kuwa mji au jimbo linalokaribisha rali, na hapa ndipo waandaaji wengi hukosea maombi. Wanakwenda ofisini na picha za magari. Ofisa wa mji hajali gari linaruka mita ngapi. Anajali vitanda vya hoteli katika juma la baridi ambalo vingelala tupu, anajali mikahawa, na anajali jina la mji wake kutajwa ng'ambo. Mpelekee hesabu ya vitanda: timu zinafika siku gani, watu wangapi, wanalala siku ngapi. Halafu omba mkataba wa miaka mitatu, kwa sababu mwaka mmoja wa joto ukikukuta kwenye mkataba wa mwaka mmoja, mazungumzo ya mwaka unaofuata utayafanya ukiwa na deni mkononi. Miji hushindania rali zenye jina: kituo cha Monte Carlo kilikuwa Gap, kwenye milima ya Alps ya Ufaransa, kuanzia 2014 hadi 2021, kikarudi Monaco kwa miaka miwili, kisha kikaenda tena Gap mwaka 2024.

Nimeitaja Monte Carlo kwa sababu kwangu ndiyo somo bora la fedha kwenye rali za baridi. Ilianza mwaka 1911, na haihitaji theluji. Sikiliza vizuri: inafanyika Januari milimani, theluji ikija ni neema, isipokuja rali inaendelea kwenye lami kavu. Hatua moja inaweza kuanza na lami, ikapita kwenye barafu kivulini, ikamalizia kwenye maji. Dereva huchagua matairi kwa kubahatisha kwa akili, na magari ya kutangulia hupita mapema kumletea habari za barafu ilipo. Sweden inauza theluji. Ikikosekana duka halina bidhaa. Monte Carlo inauza mashaka, na mashaka hayaishi kamwe. Ilipotoka kwenye ubingwa wa dunia kati ya 2009 na 2011 ikaingia mfululizo mwingine, jina lake halikufa. Mwandaaji mpya hawezi kuiga miaka zaidi ya mia moja ya jina, lakini anaweza kujiuliza swali lilelile kabla ya kuchapisha bango: tunachoahidi ni kitu gani, na je, kitakuwepo kukiwa na nyuzi tano juu ya sifuri?

Kuna waliojiuliza wakajibu kwa ujasiri. Rali ya Liepāja, nchini Latvia, ilikuwa rali ya Februari kwenye ubingwa wa Ulaya. Liepāja upo kando ya bahari ya Baltiki, na pwani si mahali pa kutegemea baridi ya uhakika. Mwaka 2016 rali ikahamishiwa Septemba, kwenye changarawe. Mwaka 2024 Latvia ikapata nafasi kwenye ubingwa wa dunia, kituo chake kikiwa mji uleule, mwezi Julai. Sisemi muache baridi. Nasema klabu iliyohama msimu haikupotea, tena ilipanda ngazi.

Wengine hubaki na baridi wakapunguza gharama yenyewe. Sno*Drift, inayofanyika Michigan, Marekani, hairuhusu matairi ya njumu. Mwendo unakuwa wa chini, mshiriki hanunui seti za matairi ya pekee, barabara haichanwi kiasi kile, na ustadi wa dereva unaonekana waziwazi. Watazamaji wa Ulaya wangenung'unika, lakini kwa klabu inayoanza ningelitazama jambo hili mara mbili. Njumu pia zina sheria zake: Ujerumani, kwa mfano, hairuhusu matairi ya njumu kwenye barabara zake za umma isipokuwa kwa vighairi vichache, na magari ya rali husafiri kwenye barabara za umma kati ya hatua na hatua. Ulizeni mamlaka ya barabara katika nchi zote mbili kabla hamjaandika kanuni za matairi.

Nirudi kwa mshiriki binafsi. Mwenye gari lake anahitaji seti kadhaa za matairi ya njumu ambayo hayamfai kwingine, taa za ziada kwa sababu mchana ni mfupi, nguo na vifaa vya baridi, na mara nyingi safari ndefu ya barabara na kivuko. Akishalipa hayo anasikia kwamba rali inaweza kukatwa nusu. Wengi husubiri hadi siku ya mwisho ya kujiandikisha wakitazama utabiri wa hewa, na wewe huku unasubiri ada zao ili ulipe arbuni za vifaa. Kila upande unamtazama mwenzake. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuandika kanuni ya kurudisha ada mapema na waziwazi: rali ikifutwa kabla ya tarehe fulani anarudishiwa kiasi gani, baada yake kiasi gani, na njia ikikatwa chini ya urefu fulani anapunguziwa nini. Mshiriki anayejua atapoteza kiasi gani hujiandikisha mapema. Asiyejua husubiri, au haji.

Bima je? Bima ya dhima kwa watu wengine ni lazima na haina mjadala. Bila hiyo shirikisho la taifa halikupi kibali, na bila kibali cha taifa huingii kalenda ya kimataifa ya FIA, shirikisho la dunia la michezo ya magari. Bima ya kufutwa kwa tukio ni habari nyingine. Kampuni nyingi huiondoa hali ya hewa kwenye mkataba au huipandisha bei hadi ikose maana, kwa kuwa wanajua hesabu zako kuliko unavyodhani. Ipo pia bima ya kigezo: mnakubaliana kituo fulani cha hali ya hewa, kipimo fulani cha joto na kipindi fulani, kipimo kikivukwa unalipwa, bila ubishi wa nani alipata hasara gani. Inafaa, kwa masharti mawili. Inunuliwe mapema sana, kabla ya utabiri wa msimu kuanza kuonekana. Na kituo cha kipimo kiwe karibu na barabara zako hasa. Kituo kilichopo kwenye uwanja wa ndege bondeni kinaweza kuonyesha baridi kali wakati hatua yako kilimani ina matone.

Kuhusu watu nitasema machache, ingawa ndio wanaobeba rali. Wasimamizi wa njia ni wa kujitolea. Anayesimama kwenye kona saa sita kwenye nyuzi ishirini chini ya sifuri hawezi kupangiwa zamu kama ya kiangazi. Unahitaji watu zaidi, zamu fupi, mahali pa kuota moto, chakula cha moto, na betri za akiba za redio kwa sababu baridi huzimaliza. Helikopta ya uokoaji haipai kwenye ukungu au theluji nzito, na isipopaa daktari mkuu anaweza kusimamisha hatua hadi ahakikishe ambulansi inafika hospitali kwa barabara kwa muda unaokubalika. Panga hospitali na njia ya ambulansi kana kwamba helikopta haipo. Na watazamaji: rundo la theluji pembeni mwa kona huonekana kama jukwaa la bure, kumbe ndipo gari linapotua. Januari 2017 mtazamaji alifariki kwenye hatua ya kwanza ya Monte Carlo. Fedha ya uzio, ya wasimamizi na ya matangazo ya usalama isiwe ya kwanza kupunguzwa mkikosa mdhamini, ingawa nimekaa kwenye vikao ambako ndiyo iliyotajwa kwanza.

Mmesema ni nchi mbili. Hilo linawezekana. Rali ya Sweden ilipokuwa Värmland iliwahi kuvuka hadi misitu ya Norway, na Monte Carlo yenyewe ni rali ya klabu ya Monaco inayokimbia kwa sehemu kubwa Ufaransa. Lakini kila mpaka huongeza vibali, polisi, masafa ya redio, sheria za matairi, na forodha. Kama nchi mojawapo ipo nje ya umoja wa forodha wa nyingine, magari na vipuri vitahitaji karneti ya ATA, ile hati inayoruhusu mali kuingia kwa muda bila ushuru, na hutoi karneti usiku wa kuamkia rali. Amueni pia mapema ni klabu ipi yenye jina kwenye mikataba. Nimeona klabu mbili zilizopendana sana zikaachana kwa sababu hakuna aliyeandika nani analipa hasara.

Basi mwanzie wapi? Anzieni kwenye kalenda ya maamuzi, kabla ya kalenda ya rali. Andikeni tarehe tatu. Ya kwanza ni ya kabla ya baridi, ambapo mikataba ya hiari inasainiwa au inaachwa. Ya pili iwe wiki tano au sita kabla, mnapopima kina cha ardhi iliyoganda na kuamua kama mnaendelea, mnahamia hatua za akiba zilizo juu zaidi au kaskazini zaidi, au mnafuta. Ya tatu iwe siku kumi hivi kabla, ya kukata njia ikibidi. Kisha kila mkataba, kuanzia mahema hadi helikopta, ugawanywe kwa mafungu yanayofuata tarehe hizo, ili fedha kubwa itoke baada ya uamuzi wa pili. Wauzaji watapinga mwanzoni. Wengine watakubali kwa bei ya juu kidogo, na hiyo nyongeza ndiyo bima rahisi kuliko zote. Kipimo cha uamuzi kiandikwe kwa namba na kikabidhiwe kwa mtu asiyeuza tiketi. Mwenyekiti aliyehangaika mwaka mzima kutafuta wadhamini hawezi kuambiwa aangalie kipimajoto na kusema hapana.

Fupisheni pia tamaa ya kupita hatua moja mara mbili. Ni njia nzuri ya kubana gharama, kwa kuwa uzio na wasimamizi wale wale hutumika tena. Kwenye baridi kali haina neno. Kwenye nyuzi mbili chini ya sifuri, mzunguko wa pili ndio unaoua barabara. Wekeni ratiba ambayo mzunguko wa pili unaweza kuondolewa bila rali kupoteza uhalali wake wa matokeo.

Na msianze na ngazi ya kimataifa. Sweden ilipofutwa mwaka 2021, Finland iliandaa rali ya ubingwa wa dunia Rovaniemi mwishoni mwa Februari kwa notisi ya wiki chache tu: hatua kumi, kilomita zipatazo 251, bila watazamaji. Ott Tänak alishinda. Watu waliita muujiza. Lakini Rovaniemi ina rali yake ya Lapland inayofanyika Januari tangu miaka ya 1960, ileile ambayo Kimi Räikkönen na Valtteri Bottas wa Formula 1 walikwenda kujaribu bahati yao. Barabara zilijulikana, wenye misitu walijulikana, madereva wa malori walijua kona ipi hukusanya maji. Kilichotakiwa ni kuongeza ngazi juu ya nyumba iliyokwisha simama.

Baridi inayokuja, kabla hamjamwandikia mdhamini yeyote, chagueni kilomita arobaini tu za barabara. Wekeni vipimajoto ardhini sehemu nne tano, muombe mwenye lori asukume theluji kipande kimoja mapema na kipande kingine akiache, kisha mpime kila wiki hadi Machi na muandike malipo yote ya lori kwenye daftari moja. Mkifanya hivyo baridi mbili mfululizo mtakuwa na tarehe yenu ya rali, na bei halisi ya kilomita moja ya barafu.